Njia ya Kwenda kwa Akina Carter

A.P. Carter alilipata gari kwa ahadi ya kupalilia mahindi. Hivyo ndivyo wanavyosimulia watu wa bonde la Poor Valley mpaka leo. Ilikuwa mwisho wa Julai 1927, na mwenye gari alikuwa mdogo wake Ezra, ambaye wote walimwita Eck, mfanyakazi wa posta ya kwenye treni. Eck hakuona kwa nini mkewe apelekwe mjini Bristol kuimba, kwani Maybelle alikuwa na miaka 18 na mimba kubwa. A.P. akamwambia: niazime gari, niruhusu niende na shemeji, nami nitakupalilia shamba lako. Wakapanda A.P. na mkewe Sara, mtoto wao mchanga Joe aliyekuwa bado ananyonya, binti yao Gladys wa miaka minane aliyechukuliwa amlee mdogo wake, na Maybelle na gitaa lake. Umbali haukufika kilomita 50, lakini uliwamaliza siku nzima. Walivuka mto na gari, magurudumu yakapata pancha, na viraka vikabanduka kwa joto.

Niliipita njia hiyo Jumamosi moja ya Septemba, nikitoka Bristol kwenda bondeni, na haikutuchukua hata saa moja. Dereva wangu alikuwa kijana wa kaka yangu, anayesomea uuguzi Johnson City, katika chuo kikuu cha East Tennessee State. Chuo hicho kinatoa shahada ya muziki wa milima ile, na wanafunzi wanaonekana asubuhi wakivuka bustani na banjo mgongoni kama wengine wanavyobeba vitabu vya sheria. "Shangazi," aliniambia kwenye simu miezi mitatu kabla, "wewe na nyimbo zako za zamani, kumbe kwao ni huku. Njoo."

Nyimbo zangu za zamani zilianzia Litein, jikoni kwa kogo, ndivyo sisi Wakipsigis tunavyomwita bibi. Baba alikuwa na santuri za Jim Reeves na Dolly Parton, kama nyumba nyingi za Kenya za wakati wake, na alizifuta vumbi kila Jumapili kabla ya kuziweka. Kogo hakuzijali. Yeye alikuwa na wimbo wake, aliouimba akichambua mboga, na ndani yake mlikuwa na mtu aitwaye Chemirocha. Alituambia Chemirocha ni nusu mtu, nusu swala, na kwamba akipiga chepkong', kinubi chetu, hakuna anayeweza kukaa kitako. Nilikuwa mtu mzima nilipojua kwamba Chemirocha ni Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Mississippi aliyekufa kwa kifua kikuu mwaka 1933 akiwa na miaka 35. Santuri zake zilifika nyanda za chai pamoja na gramafoni za wageni, wazee wetu wakaisikia sauti isiyo na mwili, wakalitamka jina lake kwa ulimi wao na kumtungia umbo. Mwaka 1950 Hugh Tracey, aliyezunguka Afrika akinasa nyimbo, alifika Kapkatet, mwendo mfupi kutoka kwetu, akaunasa wimbo huo.

Sasa, huyo Jimmie Rodgers na hao akina Carter, yaani A.P., Sara na Maybelle, walirekodiwa mara ya kwanza na mtu mmoja, katika chumba kimoja, katika juma moja. Akina Carter waliimba Jumatatu na Jumanne, tarehe 1 na 2 Agosti 1927. Rodgers akaimba Alhamisi. Ndiyo maana niliomba viza, nikanunua tiketi, nikaenda Bristol.

Bristol ni mji mmoja wenye serikali mbili. Mpaka wa Tennessee na Virginia unapita katikati ya State Street, umewekewa vibao vidogo vya shaba kwenye lami, na juu ya barabara kuna bango kubwa la taa linalozisalimu pande zote mbili. Jengo la kampuni ya kofia ambamo nyimbo zile zilirekodiwa halipo tena. Lililopo ni ukumbusho kando ya barabara, na mitaa michache mbele, upande wa Virginia, kuna makumbusho mazuri yaliyofunguliwa mwaka 2014. Nilikaa humo saa nne. Kijana wangu alitoka, akala, akarudi, akanikuta bado nimevaa vipokea sauti.

Aliyewarekodi katika chumba kile alikuwa Ralph Peer wa kampuni ya Victor. Alikuja na mafundi wawili na mashine mpya ya kurekodi kwa umeme na maikrofoni, akatundika mablanketi ukutani ili kuua mwangwi, akakaa siku kumi na mbili. Mwanzoni watu walikuja mmoja mmoja. Kisha gazeti la mji likaandika kwamba mwimbaji mmoja wa milimani, Ernest Stoneman, alikuwa amepata dola 3,600 mwaka uliotangulia kutokana na santuri zake. Asubuhi iliyofuata mji ulijaa. Peer alilipa dola 50 kwa kila wimbo aliouchukua, pesa ambazo mkulima wa mlimani hakuzishika mkononi kwa miezi. Hadi anafunga mizigo alikuwa amenasa nyimbo 76 kutoka kwa waimbaji na makundi 19.

Akina Carter walimpa sita. Peer alisema baadaye kwamba alipoisikia sauti ya Sara alijua papo hapo amepata alichokifuata. Namwamini, kwa sababu nami niliisikia pale kupitia vipokea sauti, na mwili wangu ulinyamaza. Si sauti tamu. Ni nzito, kavu, imenyooka, na haimbembelezi msikilizaji. Sara anaimba msiba kama mtu anayeeleza yaliyotokea jana kwa jirani. Kuna kina mama wa kwetu waliokuwa wakiimba hivyo kwenye matanga, wamesimama, macho mbele, bila kutikisa hata bega.

Siku ya pili A.P. hakuwapo asubuhi, na wanawake wawili wakarekodi nyimbo mbili peke yao. Mmoja ulilinganisha maisha ya msichana asiyeolewa na ya mwenzake aliyeolewa, na ukatoa hukumu iliyo wazi. Sara hakuupenda. Peer akasisitiza. Ukauzwa vizuri, na nikifikiria kwamba aliuimba huku mwanawe mchanga akimsubiri kunyonya, na Maybelle ameketi kando yake na mimba, naona kwa nini hakuupenda na kwa nini wanunuzi waliupenda.

Maybelle nahitaji kumweleza kwa kirefu. Katika bendi zetu za Afrika Mashariki kazi ya magitaa hugawanywa: huyu solo, huyu ridhimu, yule besi. Maybelle alikuwa na gitaa kavu moja, na hapakuwa na mwingine wa kumsaidia ila Sara na otohapu yake, kile kisanduku cha nyuzi kinachopakatwa. Basi akafanya kazi zote. Kwa kidole gumba alipiga sauti ya wimbo kwenye nyuzi nene, na katika nafasi iliyobaki vidole vingine vikapangusa nyuzi nyembamba kushika mapigo. Kabla yake, katika muziki ule, gitaa lilikuwa la kusindikiza tu, na fidla na banjo ndizo zilizoongoza. Baada yake gitaa likahamia mbele. Nikimsikiliza namkumbuka Mwenda Jean Bosco wa Katanga, aliyeimba kwa Kiswahili na kurekodiwa na Tracey huyo huyo mwaka 1952, ambaye naye kwa kidole gumba na cha shahada alikujaza masikio mpaka ukadhani wako watatu. Sisemi mmoja alimfundisha mwingine. Nasema tu kwamba mtu mwenye gitaa moja hujikuta mlangoni pamoja na wenzake asiowajua.

Mei 1928 Peer aliwaita Camden, New Jersey, na kwa siku mbili wakarekodi nyimbo 12. Katika siku ya pili Maybelle alitimiza miaka 19. Humo ndimo mlimotoka "Wildwood Flower" na "Keep on the Sunny Side", nyimbo mbili ambazo kila anayejifunza gitaa katika milima ile huanza nazo. Muda mfupi baadaye Maybelle akanunua gitaa la Gibson L-5 kwa dola 275. Leo liko katika jumba la makumbusho ya muziki wa kantri, Nashville.

Tuliondoka Bristol saa nane mchana. Ukipita kijiji cha Hiltons unaingia barabara nyembamba iliyopewa jina la A.P. Carter, na mkono wa kushoto mlima unaanza kukufuata. Unaitwa Clinch. Hauna kilele cha kujivunia. Ni ukuta mrefu wa miti, urefu wake sawa mwanzo hadi mwisho, na bonde limejibana chini yake. Poor Valley maana yake ni Bonde Maskini, na wenyewe hawaoni haya kulitaja, kwa sababu bonde jirani linaitwa Rich Valley na kila mtu anajua udongo mzuri uko wapi. Niliona mabanda ya kukaushia tumbaku yaliyoinama, ng'ombe wachache weusi, mahindi yaliyokauka shambani yakisubiri kuvunwa. Nikawaza ni lipi kati ya mashamba yale lililopaliliwa kwa deni la gari.

A.P. hakuwa mkulima hasa. Ujanani aliuza miche ya matunda nyumba kwa nyumba, na inasemekana katika matembezi hayo ndipo alipomkuta Sara, upande wa pili wa mlima, akiimba. Walioana mwaka 1915. Alikuwa mrefu, mwenye mikono inayotetemeka, mtu wa kuinuka katikati ya mazungumzo na kutokomea kwa wiki. Hata kwenye santuri unamsikia hivyo: sauti yake ya besi inaingia anapotaka na kutoka anapotaka. Lakini matembezi yale ndiyo yaliyokuwa kazi. Peer alihitaji nyimbo mpya kila mwaka, na mpya kwake zilimaanisha zile ambazo kampuni nyingine haijazisajili. A.P. akazitafuta vibarazani, makanisani, kwenye migodi ya makaa ya mawe, kwa wajane na kwa mafundi viatu. Alirudi na vipande vya karatasi mfukoni. Sara na Maybelle wakavipa sauti na mwendo.

Shida ya A.P. ni kwamba alishika maneno, sauti hazikumkaa kichwani. Hapa ndipo anapoingia mtu ambaye kwa hakika ndiye aliyenivusha bahari, kuliko hata Sara.

Lesley Riddle alizaliwa mwaka 1905 Burnsville, North Carolina, akakulia zaidi Kingsport, mji wa viwanda karibu na bonde lile. Alikuwa mtu mweusi. Akiwa kijana alipata ajali katika kiwanda cha saruji akakatwa mguu wa kulia, na wakati wa kuuguza kidonda akajifunza gitaa. Baadaye bunduki ikamwondolea vidole viwili vya mkono wa kulia, akalazimika kubuni upigaji wake kwa vilivyobaki, kidole gumba kikiwa ndicho nahodha. Karibu mwaka 1928 A.P. alimkuta Kingsport akipiga, akamwalika nyumbani. Kwa miaka kadhaa wakasafiri pamoja. A.P. aliandika maneno, Riddle akaikamata sauti ya wimbo na kuibeba mpaka Poor Valley, akaipiga mbele ya Sara na Maybelle hadi wakaishika. Mwenyewe alisema, alipohojiwa uzeeni, kwamba yeye ndiye aliyekuwa kinasa sauti cha A.P. Alikaa kwao majuma kwa majuma, akawapa na nyimbo zake, na Maybelle hakuficha kwamba baadhi ya ujuzi wa vidole vyake aliutoa kwake.

Jaribu kuiona akilini safari ile. Ni miaka ya ubaguzi uliowekwa kwa sheria: mlango wa watu weusi, kiti cha watu weusi, bomba la maji la watu weusi. Mzungu mrefu anayetetemeka na mtu mweusi mwenye mguu mmoja wanashuka mlimani pamoja, wanabisha hodi, wanaomba wimbo. Kwa watu weusi Riddle ndiye aliyekuwa ufunguo, maana nani angemfungulia mlango mzungu asiyemjua anayetaka kuandika maneno ya tenzi zao? Riddle alitumia imani waliyokuwa nayo kwake, na nyimbo zikatoka.

Kisha lebo ya santuri ikachapwa, na chini ya jina la wimbo pakaandikwa A.P. Carter. Hivyo ndivyo biashara ilivyopangwa: Peer alisajili haki miliki, mrabaha ukaja kwa Carter na kwa kampuni ya Peer, na wimbo uliokuwa wa mtu au wa watu wote ukapata mwenye shamba. Makumbusho ya Bristol hayalifichi jambo hili, nami nitalisema. "Wildwood Flower" ulichapishwa kwanza mwaka 1860, kwa jina lingine, na muziki wake ukiwa wa Joseph Philbrick Webster. "Keep on the Sunny Side" uliandikwa mwaka 1899 na mama aitwaye Ada Blenkhorn. Inasimuliwa kwamba alikuwa na mpwa mlemavu aliyependa kiti chake kisukumwe upande wa barabara wenye jua. Nyimbo za Riddle hazikuwa na jina la Riddle. Za Sara na Maybelle, ambao vidole na makoo yao ndiyo yaliyouzwa, nazo mara nyingi zilibeba jina la mwanamume ambaye wakati mwingine hakufungua kinywa ndani yake.

Simchukii A.P. kwa hili. Bila miguu yake nyimbo nyingi zingezikwa na waimbaji wake, na pesa zenyewe hazikumtajirisha: hali ilipoharibika baada ya 1929 alikwenda Detroit kutafuta kibarua kama wengine, na Maybelle na Eck wakahamia Washington. Wakikutana ilikuwa kwa ajili ya kurekodi, au kuimba shuleni na makanisani kwa kiingilio cha senti 15 na 25, na bango lao likiwahakikishia wazazi kwamba onyesho halina mambo ya aibu. Lakini kosa ni kosa. Kulikuwa na nafasi kwenye lebo ya kuandika jina la pili.

Nyumba yenyewe ilivunjika mapema kuliko kundi. A.P. akiwa njiani, Sara alibaki na watoto, kuni na tumbaku, na msaada ukaja kutoka kwa Coy Bayes, binamu wa A.P. Wakapendana. Familia ya Coy ikahamia California, Sara akaondoka kwa mumewe, talaka ikafuata, na bado waliendelea kurekodi pamoja, mume na mke wa zamani mbele ya maikrofoni moja, kwa kuwa mkataba ulikuwa mkataba.

Mwaka 1938 wakaenda mpaka wa Mexico. Ng'ambo ya Del Rio, Texas, kulikuwa na kituo cha redio XERA cha John R. Brinkley, tabibu aliyetajirika kwa kuwapandikizia wanaume tezi za mbuzi na kuwaahidi ujana. Marekani ilimnyima leseni, akajenga mnara Mexico, na nguvu za mitambo yake zilikuwa wati 500,000, hata kituo kikasikika usiku hadi Kanada. Akina Carter waliimba kati ya tangazo la dawa ya nguvu na tangazo la rangi ya nywele, na nchi nzima ikawajua. Kijana mmoja wa mashamba ya pamba Arkansas, Johnny Cash, alikuwa miongoni mwa wasikilizaji. Usiku mmoja Sara aliutoa wimbo kwa Coy kupitia maikrofoni ile. Coy akausikia California, akaja. Walifunga ndoa Texas mwezi Februari 1939. A.P. hakuoa tena. Mwaka 1943 kundi likavunjika kabisa, likiwa limeacha nyimbo karibu 300.

Kilichofuata kinajulikana zaidi: Maybelle na binti zake Helen, June na Anita wakafika jukwaa la Grand Ole Opry mwaka 1950, June akaolewa na Johnny Cash mwaka 1968, na mwaka 1970 akina Carter wakawa kundi la kwanza kuingizwa katika jumba la heshima la muziki wa kantri. A.P. hakuyaona yote. Alirudi bondeni, akajenga duka dogo la bidhaa za nyumbani, akauza sukari na mafuta ya taa chini ya mlima, akafa Novemba 1960.

Duka lile sasa ni makumbusho. Ukuta wa mbao, picha, nguo za Sara na Maybelle, vyombo vya jikoni. Niliingia nikiwa nimejiandaa kwa jambo kubwa, nikakuta kaunta. Nilisimama mbele yake nikifikiria mtu aliyesikika hadi Kanada akipima misumari kwa ratili, na sikutaka kuzungumza na mtu kwa muda.

Kabla ya jua kushuka tulikwenda makaburini, Mount Vernon, kanisa la Kimethodisti juu ya kilima kidogo. A.P. amezikwa hapo. Sara alikufa Lodi, California, mwaka 1979, miezi michache baada ya Maybelle, na mwili wake ukaletwa huku, bara zima likavukwa, akazikwa katika makaburi hayo hayo, si mbali sana na mume aliyemwacha. Kwenye jiwe la kila mmoja wao imechongwa santuri ya dhahabu yenye jina la "Keep on the Sunny Side". Nililisoma nikamkumbuka Ada Blenkhorn.

Giza lilipoingia tulikuwa tumeketi katika Carter Fold. Ni banda kubwa la mbao lililoegemea mteremko kando ya duka, na karibu yake kuna kibanda cha magogo alimozaliwa A.P., kilichohamishwa kutoka sehemu nyingine ya bonde. Banda hili ni kazi ya Janette, binti wa A.P. na Sara. Baba yake kabla ya kufa alimwomba aulinde muziki wao, naye akaahidi. Alikuwa mama aliyeachika, mpishi wa shule, hana fedha. Mwaka 1974 akaanza kuimba dukani kila Jumamosi, watu wakazidi mlango, na mwaka 1976 mdogo wake Joe, yule aliyenyonya Bristol, akasaidia kujenga banda. Sheria ni chache. Hakuna pombe. Hakuna gitaa la umeme. Johnny Cash peke yake ndiye aliyeruhusiwa. Julai 2003, wiki saba baada ya kumzika June, Cash aliingizwa humu akisaidiwa, akaimba, na lilikuwa onyesho lake la mwisho hadharani. Janette alifariki mwaka 2006. Sasa banda liko mikononi mwa binti yake, Rita Forrester.

Tulinunua maharage na mkate wa mahindi. Bibi aliyetuuzia alimtazama kijana wangu akauliza tumetoka wapi. "Kenya," alimjibu. Bibi akasema wageni wa mbali hufika, lakini yeye hakuwa amewahi kuona wa Kenya, akatuongezea mkate bila kudai. Saa moja u nusu bendi ilianza: fidla, banjo, gitaa, besi kubwa ya kusimama. Wimbo wa pili tu, wazee wakainuka. Walivaa viatu vyenye vyuma chini ya soli, wakashuka uwanjani mbele ya jukwaa, mikono ikining'inia, kifua kimetulia, miguu ikisema. Mama mmoja wa miaka themanini hivi alinyoosha mkono. Kijana wangu akanitazama. Nikaenda. Sikujua hatua zao, lakini kogo alinifundisha kwamba mguu husikiliza kabla ya sikio, na mama yule aliridhika nami hadi wimbo ukaisha.

Usiku, tukirudi Johnson City, kijana aliweka CD niliyoinunua Bristol. Ni ya Lesley Riddle. Riddle alihamia Rochester, New York, mwaka 1942, akaliacha gitaa. Mwaka 1965 mwanamuziki Mike Seeger alimtafuta, akampata, akamnasa akipiga tena mara kwa mara kwa miaka kadhaa, na mwaka 1993, Riddle akiwa ameshakufa, kampuni ya Rounder ikaitoa sauti ile. Jina lake liko mbele, kwa herufi kubwa. Tulisikiliza bila kusema kitu, mlima ukiwa umezama gizani, na kidole gumba kile kikifanya kazi.

Nami nikawa nafikiria Kapkatet. Kati ya nyimbo za Chemirocha, unaopendwa kuliko zote, ule wa sauti za wasichana, uliandikwa na Tracey kuwa umeimbwa na Chemutoi Ketienya pamoja na wasichana wa Kipsigis. Chemutoi ana jina. Wenzake ni wasichana tu. Maktaba ya muziki aliyoianzisha Tracey, iliyoko Afrika Kusini, ilishirikiana na Ketebul Music ya Nairobi kuzirudisha nyimbo hizo kwa wenyewe, na mzee mmoja aliyeimba siku zile alikutwa bado hai. Msichana aliyekuwa na miaka 15 mwaka 1950 sasa anakaribia au amepita miaka 90. Kama wewe ni wa Bureti, Kericho au Bomet, na nyumbani kwenu kuna kogo wa umri huo, muulize kama alikuwapo Kapkatet siku ile mzungu alipokuja na mashine. Akisema ndiyo, muulize nani alisimama kulia kwake na nani kushoto, kisha uyaandike majina.